Aliyefukia Majani Yangu

"Pankras, ni mwanamke gani aliyefukia majani yako?"

Dada yangu Marselina hakuitikia hata shikamoo yangu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, kanga ameikaza kiunoni kama mtu aliyeitwa kuamua ugomvi, na mkono wake ameunyoosha kuelekea mteremkoni. Nami nilikuwa nimeshuka kwenye lori asubuhi ile ile kutoka Songea, ambako nilishinda siku tatu nikifuatilia karatasi zangu za kustaafu. Tope la njiani lilikuwa bado halijakauka viatuni mwangu. Nilitazama alikoelekeza, na moyo wangu ukapiga hatua moja ambayo sikuiamuru.

Siku nne kabla ya hapo nililiacha shamba lile likiwa limelazwa majani tu. Kwetu Umatengoni, mwanamume hufyeka, kisha huyapanga majani katika mistari inayokatana, hata mlima mzima ukaonekana kama daftari la hesabu. Kazi ya mwanamume huishia hapo. Mwanamke ndiye anayeingia na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuutupia udongo juu ya majani pande zote nne, hata pakabaki shimo katikati na matuta pembeni, ambamo maharage hupandwa. Hiyo ndiyo ngolo. Majani yangu mimi huyalaza kwa kamba na vigingi, kwa kuwa nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne na siwezi kustahimili mstari uliopinda. Tangu mke wangu Tereza afariki, miaka mitano iliyopita, Marselina ndiye huja na wanawake wa ukoo kuyafukia.

Safari hii hawakuwa wamekuja bado. Hata hivyo, nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kufukiwa.

"Sijui, dada," nilisema.

Wakati natamka neno hilo nilikuwa nimekwisha kujua. Matuta yale hayakuishia kwenye jembe. Yalikuwa yamepapaswa kwa kiganja, yakalainishwa kingo zake moja baada ya nyingine, kama vile mfinyanzi alainishavyo mdomo wa chungu kabla ya kukiweka kivulini. Katika wilaya nzima ya Mbinga nilimfahamu mtu mmoja tu ambaye asingeweza kuuacha udongo bila kuubembeleza.

"Unajua," alisema Marselina. "Uso wako umekuwa kama wa mwanafunzi aliyekutwa na sigara."

"Ni Lidia."

"Lidia gani? Yule Mnyasa wa vyungu?"

"Ndiye."

"Ulimwita?"

"Nitamwitaje, dada? Mimi nilikuwa Songea."

"Kwa hiyo amekuja peke yake, hakuitwa, hakuletewa hata kata ya togwa, akaingia katika shamba la mwanamume mjane na kufukia majani." Aliyahesabu makosa hayo kwa vidole, polepole, na kila kidole alikikunja kana kwamba anakizima. "Pankras, mdogo wangu, wewe umesoma. Nieleze mimi nisiyesoma. Wanawake wakija kumi, hiyo ni kazi ya ujima. Mwanamke akija mmoja, hiyo huitwaje?"

Hakuna Mmatengo asiyejua huitwaje. Mwanamke anayefukia peke yake majani yaliyolazwa na mwanamume amekwisha kuingia nyumbani mwake. Kinachobaki ni sherehe.

"Hakujua," nikasema. "Kwao Lundo, huko ziwani, hawalimi ngolo, wanalima mihogo kwenye mchanga. Ameona majani yanaoza na mvua inanyesha, akanihurumia. Hakujua maana yake, dada. Ndiyo habari yote."

"Laiti ingekuwa yote. Kila baada ya majuma mawili unateremka ziwani. Unarudi na udongo katika kucha, wewe, uliyekuwa ukiwakagua watoto wa watu kucha zao mstarini. Wilfred mwanao ananiambia kwamba huko anakowanunulia kahawa hao matajiri wapya, wenzake wanamwagiza vyungu: mwambie baba yako atutengenezee cha kupikia maharage. Mtoto anacheka nao, kisha anakuja kwangu kulia. Na sasa mwanamke huyo, tena Mwanglikana, amelima shamba la Tereza."

Jina la Tereza alilisema kwa sauti ya chini, na kwa sababu hiyo likanichoma zaidi.

"Unataka nifanye nini?"

"Kesho asubuhi nakuja na wanawake wa ukoo. Tutayafukua majani yote aliyoyafukia, tuyafukie upya sisi wenyewe. Na wewe utasimama hapa, useme mbele yetu kwamba yule mwanamke alikosea. Basi. Ukishasema hivyo, jambo limekufa, wala hatalaumiwa mtu."

"Sawa," nilijibu.

"Ni neno lako?"

"Ni neno langu."

Nililelewa katika shule ya bweni ya wamisionari, mahali ambapo mvulana aliyetoa neno na kulivunja alikula amesimama juma zima. Sijapata kula nimesimama. Jambo hilo nimekuwa nikijivunia maisha yangu yote, na nilipokuwa nikimtazama dada yangu akipanda njia ya kurudi kwake, nilijaribu kujivunia tena. Sikuweza. Nilichokiona ni yale matuta tu.

Sharti nieleze habari ya udongo, maana bila hiyo nitaonekana mzee aliyerukwa na akili.

Nilipostaafu sikujua kustaafu ni nini. Nilidhani ni mapumziko. Niliendelea kuamka saa kumi na moja na nusu, nikavaa suruali iliyopigwa pasi, nikakaa barazani nikisubiri kengele ambayo haikuwapo. Nilisahihisha magazeti kwa wino mwekundu. Nikawapanga kuku wangu kwa ukubwa. Watu walikuja kuniomba ushauri, nikawapa majibu sahihi, wakaondoka, na nyumba ikawa kimya kuliko walipoikuta. Nilikuwa mtu wa majibu sahihi ambaye hakuna tena aliyemtungia maswali.

Kisha, mwezi wa Agosti uliofuata, nikateremka Lundo kumzika mwalimu mwenzangu. Siku ya tatu, nikiwa nimechoka kuketi, nilitembea ufukoni na kumkuta mwanamke ameinama juu ya bonge la udongo. Hakuwa na gurudumu wala kifaa chochote. Alikuwa akilizunguka bonge lile kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, akiuvuta udongo juu kama anayemwinua mtoto usingizini. Nilisimama pale, nadhani, kwa muda wa vipindi viwili vya masomo.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kuinua kichwa. "Unanizibia mwanga."

Nilisogea. Nikamwuliza anajuaje unene wa ukuta bila kupima.

"Najua ukiwa mnene," alisema.

"Unajuaje?"

"Weka mkono."

Nikauweka. Mpaka leo sijui ni pepo gani aliyenisukuma, mimi Mwalimu Pankras Hyera, kutumbukiza mkono uliozoea chaki ndani ya chungu cha mwanamke nisiyemjua. Chungu kikaporomoka. Nikaanza kuomba radhi kwa sentensi ndefu zilizokamilika, naye akacheka hata akakaa chini, na katikati ya sentensi ya tatu nikajisikia nami nacheka. Tangu Tereza afariki sikuwa nimesikia sauti yangu ikitoka namna ile.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Sisi wanaume hatufinyangi. Si Wamatengo, si Wanyasa. Nilijua hivyo na bado nikaenda. Kibanda nilikijenga nyuma ya mashine yangu ya kumenyea kahawa, na vyungu vyangu vilivyopinda nikavifunika kwa magunia ili mgeni asivione. Udongo haukunipa alama. Haukuniita Mwalimu. Nilipokuwa nalainisha tumbo la chungu kwa gunzi la mhindi, saa zilipita bila kuniaga.

Na Lidia, mjane mwenzangu? Hapo ndipo hesabu yangu ilipoharibika. Kwa miezi mitano ya kwanza alinipokea kwa shikamoo, kama ilivyopasa, kwa kuwa nimemzidi umri kwa miaka tisa. Siku moja ya Januari nilifika Lundo nimelowa mvua, akanitazama kutoka mlangoni, akasema, "Umelowa. Pita ukae karibu na moto." Shikamoo hakunipa. Wala mimi sikuidai. Tangu siku hiyo hatukuwa tukisalimiana kwa namna inayojulikana na mtu yeyote, na sikuwa na jina la hali hiyo.

Mchana wa siku ile ile aliyokuja Marselina, nilikwenda sokoni. Kila mwisho wa mwezi Lidia hupanda Mbinga mjini na vyungu vyake, akafikia kwa binamu yake kwa siku kadhaa. Nilimkuta amekaa katikati ya vyungu, akibishana na mama mmoja mnene aliyekuwa akigonga chungu kwa kidole.

"Gonga, mama, usiogope," alikuwa akisema. "Kikilia ni kizima. Kikinyamaza kina ufa."

"Na hiki kinanguruma."

"Basi kina mume ndani."

Mama yule akacheka, akakichukua. Lidia akaniona. Macho yake yalitua usoni mwangu, yakateremka mpaka kwenye viatu, yakapanda tena polepole, na nikahisi nimekaguliwa kuliko mkaguzi yeyote wa elimu alivyopata kunikagua.

"Umerudi. Pole na safari. Karatasi zimekubali?"

"Zimekubali nusu." Nilisogea karibu, nikashusha sauti. "Lidia, umelima shambani mwangu."

"Nimelima."

"Kwa nini?"

"Majani yalikuwa yanaoza. Mvua haisubiri karatasi za Songea." Alifuta vumbi lisilokuwapo kwenye shingo ya chungu. "Nimekosea mistari?"

"Si mistari. Dada yangu amekuja. Wote kilimani wameona." Nilimweleza: maana ya mwanamke kufukia peke yake, wanawake watakaokuja kesho, majani yatakayofukuliwa. Nilizungumza kwa utaratibu, jambo kwanza, sababu baadaye, kama nilivyozoea. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Lakini usiwe na wasiwasi," nilimalizia. "Nimewaambia kwamba hukujua."

Mkono wake ukasimama juu ya chungu.

"Umewaambia hivyo?"

"Ndiyo. Nimekutetea."

"Ahsante kwa kunitetea," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepakuliwa chakula kilichopoa.

Sikuelewa. Nilitazama uso wake nikatafuta kosa langu, kama ninavyotafuta kosa katika hesabu ya mwanafunzi, mstari kwa mstari, na kila mstari ulionekana sahihi.

"Lidia, nimekuudhi?"

"Nikuulize swali moja, Mwalimu. Ila usinijibu kama mwalimu."

"Uliza."

"Aidan mwanangu ameniita Mbeya nikakae naye. Nikienda, nikakuachia shimo langu la udongo, mawe yangu ya kulainishia, kibanda, kila kitu. Utaendelea kuteremka Lundo?"

Nikisema ndiyo, nitakuwa nimemwambia kwamba yeye ni njia tu ya kufikia udongo. Nikisema hapana, nitakuwa nimekiri kwamba miezi yote ile, wakati naapa mbele ya dada yangu, mbele ya mwanangu na mbele ya Mungu kwamba nakwenda kujifunza kazi ya mikono, nilikuwa nikisema uongo. Nilijaribu kuwatenganisha, yeye na udongo, nione kipi ni kipi. Mikono niliyoiwaza juu ya udongo ilikuwa yake. Na uso wake nilipouwaza, ulikuwa na tope shavuni.

"Sijui," nilijibu.

"Hujui."

"Sijui, Lidia. Singependa kukudanganya."

"Hilo nalijua. Ungekuwa mwongo ingekuwa nafuu. Mwongo angenipa hata kitu cha kushika." Alisimama, akaanza kuvipanga upya vyungu ambavyo havikuhitaji kupangwa. "Kesho wanawake wanakuja saa ngapi?"

"Saa moja. Lakini si lazima uwepo. Nitasema mimi—"

"Nitakuja," alisema. "Nataka nikusikie ukinitetea."

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, ukungu ulikuwa umelala bondeni, ukiufunika mto na migomba yote ya chini, na shamba langu lilionekana kama linaelea. Wanawake walikuwa sita, kila mmoja na jembe begani, Marselina mbele. Miongoni mwao alikuwapo Bibi Hildegardi, jirani yangu wa upande wa juu, mzee kuliko sote, ambaye jembe lake lilikuwa limelika likabaki kama kijiko.

Lidia alikuja kwa njia ya mtoni. Hakuwa na jembe. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na kitambaa cheupe kichwani. Aliwaamkia wanawake mmoja mmoja, akaenda kusimama kando, kwenye mstari aliouishia siku ile. Hakunitazama. Mimi nilimtazama. Nilimtazama jinsi alivyosimama wima kati ya matuta aliyoyapapasa kwa mikono yake, akisubiri yafukuliwe mbele ya macho yake.

"Haya, Pankras," alisema Marselina. "Jua halitungoji."

Nilikuwa nimeitunga hotuba yangu. Ilikuwa fupi, yenye heshima, haimwaibishi mtu. "Mama zangu na dada zangu," nilianza, "tumekutana hapa kwa sababu ya jambo dogo lililotendeka bila nia mbaya. Mgeni wetu, kwa kutozijua mila za—"

"Nilijua," alisema Lidia.

Wanawake wakageuka. Mimi nikabaki na mkono angani.

"Nilijua," alirudia, bila kupaza sauti. "Mwalimu hakuniuliza. Aliwaambia sikujua, akaja kuniambia kwamba amewaambia. Nilimwuliza Bibi Hildegardi kabla ya kushika jembe. Si huyu hapa?"

Macho yote yakamgeukia bibi kizee.

"Aliniuliza," alisema Bibi Hildegardi kwa utulivu kabisa. "Nilimwambia kila kitu. Hata jembe nilimwazima mimi. Hata nilimwambia aanzie juu ateremke chini, maana ukianzia chini unalikanyaga ulilolifanya."

"Hildegardi!" Marselina aliruka. "Na ukanyamaza siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Wewe ulipita kwangu unafoka, hukusimama hata kunisalimu."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Marselina alimgeukia Lidia, na uso wake haukuwa na kicheko.

"Kwa hiyo umejileta. Kwa makusudi. Huna haya?"

"Haya nimekuwa nayo tangu Agosti, dada," alijibu Lidia. "Huyu ndugu yako amekaa kibandani kwangu akifinyanga mbele ya watu wote wa Lundo. Wewe unajua walivyosema huku. Hujui walivyosema kule. Waliniuliza: huyo mwanamume anayekukandia udongo ni nani wako? Nikawajibu ni mwanafunzi. Wakacheka. Mkwe wangu akaacha kula kwangu. Nikasema tena ni mwanafunzi. Mimi nilikubali kuchekwa kwa ajili yake, maana nilimwona anavyopumua akiwa pale. Alikuja kwangu kama mtu aliyefungwa vifungo mpaka shingoni. Kila chungu alichokivunja kilimfungua kimoja. Kisha nikaona miezi inapita na yeye bado anasema ni vyungu tu. Basi nikasema, na mimi nifanye kazi ya kwao, mbele ya watu wao. Tuone naye atasema mimi ni nani. Akasema sikujua."

Sikumbuki niliamua nini. Ninakumbuka kwamba jembe la mwanamke wa karibu lilikuwa limesimama ardhini, nami nikalishika, nikashuka kwenye mstari ambao haujafukiwa, karibu na miguu ya Lidia, na kuanza kuchimba. Nilichimba vibaya. Udongo uliruka kila upande. Wanawake wakaguna, maana jambo hilo halijapata kuonekana, mwanamume kufukia ngolo mwenyewe; lakini nilihisi kwamba nikifukia mraba mmoja tu, ukawa mzuri, kila kitu kitakuwa kimeelezwa.

"Weka jembe, Mwalimu."

"Nafanya kama—"

"Weka chini." Alikuwa ameinama, akalishika mpini juu ya mkono wangu. Kwa mara ya kwanza tangu jana macho yake yalikuwa ndani ya yangu, na hayakuwa na hasira; yalikuwa yamechoka. "Mikono yako naijua, nimeifundisha mimi. Kila neno likikukaba unakimbilia udongo. Kule Lundo nilikuachia. Leo sitaki mikono. Leo useme."

Niliachia mpini. Nikasimama mbele ya wanawake saba nikiwa mikono mitupu, na nakiri kwamba katika miaka thelathini na minne ya kusimama mbele ya madarasa sikupata kuwa na hofu kama ile.

"Dada," nilimwambia Marselina, "jana nilikupa neno langu kwamba nitasema alikosea. Nalivunja. Sijui kama huu ni ujasiri ama ni fedheha, kwa kuwa sijapata kulifanya kabla. Hakukosea. Naomba majani yasifukuliwe."

Nikamgeukia Lidia. Sentensi zangu zote zilikuwa zimenitoroka.

"Swali lako la jana," nilisema, "bado sina jibu lake zima. Udongo naupenda. Nikiwa nao sisikii kengele. Sijui wewe unaishia wapi nao unaanzia wapi, nimejaribu kutenganisha nikashindwa. Lakini jana, dada aliponionyesha matuta haya, kabla ya kuona aibu, kabla hata ya kuona hasira, niliwaza jambo moja. Niliwaza: siku nzima hiyo, peke yake juani, alikunywa maji wapi?"

Lidia alinitazama. Pembe za mdomo wake zikasogea.

"Kwenye mfereji wa mashine yako ya kahawa," alisema.

"Maji yale si mazuri."

"Yalikuwa na ladha ya maganda."

"Mtungi uko jikoni. Mlango siufungi."

"Nitaingiaje jikoni mwa mtu ambaye hajaniita?"

"Ingia," nilisema. "Ninakuita. Mbele ya hawa wote ninakuita, Lidia, ingia."

Hakuna aliyeguna safari hii. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na kutoka bondeni ikasikika sauti ya mtu akiita mbuzi. Lidia aliinua pembe ya kitambaa chake, akajifuta jicho moja, haraka, kama anayefukuza mdudu.

Marselina alikuwa wa kwanza kusogea. Alishuka mteremko bila kumtazama yeyote kati yetu, jembe lake begani, akapita katikati yetu kana kwamba sisi ni vigingi, akasimama juu ya safu ya kwanza ya matuta ya Lidia. Aliyatazama. Akayatazama kwa muda mrefu hata nikahofu. Nilijua mkono wake. Pigo moja tu, na majani yangekuwa nje.

Akainama, akaubonyeza udongo kwa kidole gumba.

"Nani alikufundisha kuacha pembe wazi namna hii?" aliuliza.

"Hakuna aliyenifundisha," alijibu Lidia.

"Ndiyo, naona. Juu umelainisha kama shavu la mtoto, na pembeni maji yatapita kama mlangoni. Mvua moja tu, na maharage ya ndugu yangu yatakuwa kwa watu wa bondeni." Aliinuka, mkono kiunoni. "Na gauni hilo. Nani anakuja shambani na gauni la kanisani?"

"Nilidhani nakuja kufukuzwa."

"Kanisa lenyewe si letu," alisema Marselina. "Habari hiyo haijaisha. Padre wetu atauliza na Padre wenu atauliza, na Wilfred nitamweleza mimi, maana baba yake hajui kueleza kitu. Jipandishe hilo gauni, wifi. Hildegardi, mwazime tena jembe."

Nilibaki nimesimama. Nilitaka kushukuru, nilitaka kuuliza kama nimeelewa vema, nilitaka kumshika Lidia mkono mbele ya mlima mzima, na sikujua lipi kati ya hayo linaruhusiwa. Marselina akanigeukia.

"Wewe bado uko hapa? Umeona wapi mwanamume akisimama wanawake wakifukia? Ondoka."

Nikaondoka. Nilipanda njia ya kuelekea nyumbani nikiwa na udongo mpaka viwikoni, sijui kama nimeposa au nimeposwa, sijui kama nimesamehewa au nimekaripiwa tu. Nyuma yangu majembe yakaanza, matano kwa pamoja na la sita likichelewa nyuma yao, na nikasikia sauti ya dada yangu ikisema, "Si hivyo, si hivyo," na sauti ya Lidia ikimjibu, "Basi nionyeshe."